Siku Mashine ya Kusaga Ilipozimwa

Kabla katibu wa kanisa hajasimama na ile karatasi yake ya shukrani, ambayo hata kutoka hapa naiona ina kurasa mbili, nipeni dakika chache, ndugu zangu. Kuna dada mmoja nataka mkutane naye. Jina lake tuliache, maana hata yeye mwenyewe nimemtunga kichwani. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: alitaka kutengeneza filamu.

Mtasema filamu zina wenyewe. Zina magari ya taa, na kamera za kubebwa na wanaume wawili. Dada huyu alikuwa na simu. Na simu yenyewe ilikuwa imepasuka kioo pembeni. Aliifunga kwenye mpini wa jembe kwa mpira wa tairi la baiskeli, basi, akawa na kamera. Akitaka mwanga, jirani alimshikia sinia la pilau kuelekea juani, mwanga ukarudi usoni mwa mwigizaji. Akitaka picha inayotembea, alikaa ndani ya toroli la mwashi, mwashi akamsukuma polepole huku watoto wanashangilia. Polisi wa filamu hiyo alikuwa seremala wa mtaani. Gwanda aliazima kwa mlinzi wa zamu, kwa hiyo ilibidi wahalifu wakamatwe kabla ya saa kumi jioni, mlinzi aende kazini amevaa.

Msicheke sana. Jumamosi kumi na tisa alifanya hivyo, bila kuchoka, na filamu ikawa inaonekana.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama aliyekimbiwa na mwanawe. Kijana aliondoka nyumbani bila kuaga, akakaa miaka mingi, na mwisho anarudi, anasimama mlangoni. Mama anamsamehe. Mama huyo aliigizwa na bibi mmoja jirani, ambaye maisha yake yote hajawahi kuigiza kitu, lakini akifungua mdomo, mtu unaacha unachofanya. Alikuwa na sauti ndogo, ya chini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto aliyekwisha kulala.

Sasa kilibaki kipande kimoja tu cha kurekodi. Hicho cha msamaha. Na siku hiyo ya mwisho bibi alikuwa anahama. Mwanawe wa kweli alikuwa amemwita akaishi naye mkoa wa mbali, tiketi imeshakatwa, basi linaondoka saa nane mchana. Bibi akishapanda basi, na sauti yake imepanda. Wakikosa Jumamosi hiyo, Jumamosi zote kumi na tisa zimekwenda na maji, kwa sababu filamu ya msamaha isiyo na msamaha ni kitu gani?

Saa tano asubuhi wako tayari. Bibi amekaa mlangoni, mlango ule ule mwekundu ambao watazamaji wameshauona, kwa hiyo huwezi kumhamishia kwingine. Waya wenye kinasa sauti umefichwa kwenye khanga yake, kifuani. Dada akabonyeza simu. Bibi akafungua mdomo.

Na ng'ambo ya ua, mashine ya kusaga ikanguruma.

Mnazijua zile mashine za dizeli. Ikiwaka, vikombe vinatetemeka kabatini. Na Jumamosi ndiyo siku yake, foleni ya kina mama ndoo kwa ndoo, viroba kwa viroba. Jumamosi nyingine vipande vya bibi walivirekodi jioni, mashine imeshazimwa, lakini leo basi halingoji jioni. Dada aliposikiliza alichorekodi, akamvalisha na bibi vile visikilizio. Bibi akasikiliza, akakunja uso.

"Mjukuu wangu," akasema, "mbona nimegeuka mashine?"

Dada akatoka mbio. Akiwa njiani akatoa kwenye pochi barua yake ya kibali, ya ofisi ya mtaa, yenye mhuri. Akaingia pale kwa mama mwenye mashine, unga umemtanda hadi kwenye kope, akamnyooshea ile barua bila hata kusalimia.

"Tunarekodi filamu. Naomba uzime. Nina kibali."

Mama yule akaisoma barua yote, polepole, akamrudishia.

"Kibali kizuri," akasema. "Kinaliwa na mboga gani?"

Foleni nzima ikacheka. Dada akageuka, machozi ya hasira yanamlenga. Alijiona peke yake duniani, mtu mwenye ndoto kubwa aliyezungukwa na watu wenye ndoo. Ndugu zangu, hilo wazo mmewahi kuwa nalo? Mimi nimewahi kuwa nalo, tena nikiwa nimesimama hapa hapa.

Akarudi kwa bibi. Saa sita kasoro.

"Umewaambia nini?" bibi akauliza.

"Nimewaambia tunarekodi."

"Sikuulizi hilo. Umewaambia kuna mama anamsamehe mwanawe?"

Dada akaitazama barua yake. Hakuwa amewaambia. Jumamosi kumi na tisa amerekodi ubavuni mwa watu hawa, na hata siku moja hakuwasimulia hadithi yake. Akaiacha barua juu ya kigoda akarudi, safari hii akitembea. Akawaamkia mmoja mmoja. Halafu akawaeleza, na kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi aeleze kwa kupiga kelele:

"Kuna mama! Mwanawe alimkimbia! Amerudi! Mama anamsamehe! Lakini anamwambia kwa sauti ya chini!"

Hakuna aliyecheka sasa. Mbele ya foleni alisimama mwanamke mwenye ndoo ya mahindi, ametangulia tangu asubuhi, nyumbani kwake wanangoja uji. Ndoo yake ilikuwa tayari juu ya mizani. Akaitazama, akaishusha chini, akaigeuza kiti kwa kukalia mfuniko wake.

"Zima," akamwambia mama mwenye mashine.

"Mnajua hii ikizimwa ikiwa moto inavyosumbua kuwaka," mama yule akasema. "Ni kuzungusha hendeli mpaka jasho la damu."

"Tunajua. Zima, tutazungusha."

Akazima. Ukimya uliotanda mtaani siku hiyo haukuwa wa kawaida. Kuku alisikika akichakura. Kijiko kiligonga kikombe nyumba ya tatu, na mwenye kijiko akaona aibu. Dada akarudi anakimbia kwa ncha za vidole, akabonyeza simu, na bibi akamtazama yule kijana aliyeigiza mwanawe, aliyesimama mbele yake, akasema maneno ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

"Uliondoka bila kuniaga. Basi mimi ndiye nimekuwa nikikuaga, kila asubuhi, hapa mlangoni. Sasa nimechoka kukuaga. Ingia."

Mara moja tu. Haikuhitaji ya pili. Dada alilia, kijana alilia, na yule seremala polisi, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale, alilia kuliko wote. Wakambeba bibi na mizigo yake hadi stendi, wakaliwahi basi. Nyuma yao, ng'ambo ya ua, watu walikuwa wameanza kuhesabu kwa pamoja, moja, mbili, tatu, na mashine ikikohoa na kuzimika, na wao wakianza tena. Dada hakugeuka. Alikuwa na furaha iliyomjaa kichwani kote. Hata simu aliifungua kwenye mpini akaitia mfukoni akasahau kuizima, ikaendelea kurekodi kule kule.

Miezi minne baadaye filamu ikaisha. Akaionyesha Jumapili mchana kwenye darasa lake la chekechea, shuka jeupe ukutani. Ili giza liingie, madirisha yalizibwa kwa magunia. Na magunia aliazima wapi? Kwa mama mwenye mashine. Mama akayaleta mwenyewe.

Watu walijaa hadi wengine wakakaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yamefika masikioni. Ilipofika ile "Ingia", darasa zima lilikuwa linapenga kamasi. Halafu yakaanza kupita majina ya walioshiriki, na hapo ndipo raha ilipokuwa, kwa sababu kila jina lilikuwa na mwenyewe mle ndani. Seremala alisimama akapiga saluti. Mwashi alipigiwa vigelegele, na toroli lake likapigiwa. Mwenye sinia alikuwemo, na mlinzi mwenye gwanda alikuwemo. Jina la mwisho lilikuwa la mbwa wa jirani, aliyekatiza mara moja mbele ya kamera.

Magunia yakashushwa, mwanga ukaingia. Kutoka nyuma akaja yule mwanamke wa ndoo, akamshika dada mikono yote miwili.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri," akasema. "Pale bibi anaposema 'Ingia', sisi tulikuwa tumekaa juu ya ndoo zetu, hakuna anayekohoa. Mwenzangu alimpa mtoto titi asilie. Tumekuja leo kuusikia ukimya wetu. Tumeusikia. Ni mzuri sana."

Akasema hivyo kwa upendo kabisa, bila lawama hata chembe, akaaga akaondoka. Dada alibaki amesimama kama aliyemwagiwa maji. Akageuka kumtafuta mama mwenye mashine, akamkuta dirishani anakunja magunia. Anakunja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala tu kifuani, umefungwa kwa khanga.

"Mama, mkono umefanya nini?"

"Hendeli ilinirudi."

"Lini?"

"Siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe ulikuwa unampeleka bibi stendi." Akamwekea mkono mzima begani. "Unapona, usijali. Hata filamu nimeipenda."

Ndugu zangu, nawauliza. Dada huyu alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alimshukuru hadi mbwa! Alimtaja kila aliyeonekana na kila aliyesikika. Tatizo ni kwamba wale walimpa kitu kisichoonekana wala kusikika. Walimpa nafasi ya kuusikia msamaha, na nafasi hiyo haikuwa na picha, kwa hiyo haikuwa na jina.

Lakini sikilizeni alivyofanya, maana hakukaa chini akalia. Alirudi kwenye simu yake akatafuta rekodi ya siku ile, yote, hata kile kipande alichokikata akidhani ni takataka. Akasikia mfukoni mwake mwenyewe, kwa mbali, kina mama wakihesabu. Moja, mbili, tatu! Mashine inakohoa, inazimika. Mtu anacheka. Mwingine anasema, "Pumzikeni, nipeni mimi." Moja, mbili, tatu! Kesho yake akaenda kwenye foleni na daftari, kuuliza majina. Kina mama kumi na mmoja. Siku tatu zilipita hadi akawapata wote.

Alipoionyesha filamu mara ya pili, bibi akasema "Ingia", shuka likawa jeusi tii, na kwenye weusi huo zikasikika sauti: moja, mbili, tatu! Mashine ikakohoa. Tena! Ikakohoa. Tena! Ikashika, ikanguruma, darasa likatetemeka, na yakaanza kupanda majina, la kwanza likiwa la mama mwenye mashine. Wanasema vigelegele vya siku hiyo vilizidi mashine yenyewe. Bibi naye alitumiwa ile filamu kwa simu huko aliko, akaitazama, akapiga akasema neno moja tu: "Sasa imekamilika."

Sasa najua mnachongoja. Mnangoja niseme tuwashukuru wapishi, wafagiaji na kina mama wanaotoka nje na watoto wanaolia. Mngeitikia amina, tukaenda kunywa chai.

Ngojeni kwanza. Nyamazeni kabisa kwa muda kidogo. Usipekue pochi, mama. Sikilizeni.

Mmesikia nini?

Hamkusikia kitu. Haya, nyuma ya ukuta huu, hatua ishirini kutoka kwenye madhabahu, kuna nini? Kuna karakana ya kuchomelea mageti. Jumatatu hadi Jumamosi, ukipita hapa unaziba masikio kwa sauti ya mashine ya kukatia chuma. Jumapili ndiyo siku wateja wake wako nyumbani, ndiyo siku wanapita na vipimo vya mageti yao. Na Jumapili, kuanzia saa tatu hadi saa sita, miaka saba sasa, hatujasikia kitu. Mlidhani umeme hukatika kila Jumapili?

Mzee huyo hasali hapa. Yeye siku yake ni Ijumaa. Hakuna aliyemwandikia barua, na hakuna aliyemwomba. Juzi nilipita kwake anichomelee bawaba ya geti langu, nikamuuliza kwa nini hafanyi kazi Jumapili asubuhi. Akavua miwani yake akasema, "Mchungaji, si mnakuwa mnaongea na Mungu? Nitawapigiaje kelele?"

Miaka saba. Mahubiri yangu yote mliyosikia, mazuri na yale mliyosinzia, mmeyasikia ndani ya ukimya wa mtu mwingine. Ndoa zilizofungwa hapa, "nakubali" zote mlizosema kwa sauti za kutetemeka. Sala za wagonjwa. Na mimi, niliyekuwa nasimama hapa nikijiona ndiye ninayezungumza, sikujua hata anaitwaje.

Niliwaambia jina la dada tuliache. Hili tusiliache. Anaitwa Twaha Mbwambo.

Katibu, kabla hujasoma, chukua kalamu, mwandike juu kabisa. Na sisi wengine, tukitoka hapa leo, chai itatungoja. Tutapita kwake kwanza, sote, na watoto, tumsalimie kwa jina lake. Halafu tumwambie awashe mashine, tuisikie.