Kikombe Kimoja Juu ya Toroli

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, maana mabati yalikwishafika milima ya Lushoto, palikuwa na bibi mmoja, Mwantumu, na Bibi Mwantumu alikuwa na toroli la chai. Toroli la mvule, la magurudumu manne, na gurudumu moja lilikuwa likilia: kwii, kwii.

Bibi hakusamehe kwa maneno. Ukimkosea, alikaa kimya mpaka alasiri, akamimina kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, akalisukuma toroli mpaka mbele yako. Kwii, kwii. Ukinywa, yameisha. Kikipoa hujakigusa, alikimwaga kizingitini, na ugomvi huo haukuwa na dawa tena. Wala kikombe hakikunywewa na watu wawili. Anayeonja ndiye aliyesamehewa, peke yake.

Bibi akafa. Akafa na watu watatu hajawasukumia toroli.

Sikudhani, mjukuu wake, alikuwa amehamia Arusha kwa hasira, Bibi alipomkataa mchumba wake. Aliitwa, hakuja. Aliitwa tena, hakuja. Alikuja mazishini, akawakuta wapishi wameinua shoka, toroli limelala ubavu kando ya mafiga.

"Kuni hizo, dada, sogea!"

"Kuni za nani? Anza na mguu wangu basi!"

Akalikumbatia, rangi kuukuu ikimbandukia kwenye gauni. Akalipeleka kwa jirani, fundi Shekigenda.

"Shikamoo, fundi. Nataka nikaliweke sebuleni kwangu."

"Marahaba. Kwenye vigae? Litakukimbia hilo!" Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. Maana yeye naye aling'oa masale, mimea iliyoonyesha mpaka, akajiongezea kipande cha shamba la Bibi, na tangu siku hiyo Bibi hakuitikia salamu yake.

Akakwangua rangi. Akapiga msasa. Akaunga mguu uliovunjika, akapaka vanishi. Gurudumu lile linalolia akaling'oa, akatia jipya. Na kila msasa ulipopita, karakana ilinuka tangawizi.

Wa tatu ni Mbaruku, mtoto wa Bibi, mjomba wake Sikudhani. Huyu alimwogesha mama yake, alimlisha, alimgeuza kitandani. Lakini siku moja, usingizi umemwisha kwa kwii-kwii ya toroli ambalo Bibi alilivutavuta kutoka kitandani, alilisukumia bandani kwa kuku. "Kelele, mama! Kelele!" Bibi akageukia ukuta. Hakumgeukia tena.

Basi fundi alipomaliza, walikutana wote watatu alasiri nyumbani kwa Bibi. Ukungu ukashuka, ukaziba madirisha. Toroli lilisimama ukutani, linang'aa kama limezaliwa jana.

Kwii.

Sikudhani akageuka. "Fundi, si ulibadilisha gurudumu?"

Shekigenda akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa gurudumu kuukuu. "Hili hapa."

Kwii, kwii.

Toroli likaja. Sakafu ilikuwa sawa, hapakuwa na upepo, hapakuwa na mkono wa mtu. Likaja, likasimama katikati yao, si karibu na huyu wala karibu na yule. Juu yake kikombe cha maua ya buluu, kinafuka mvuke. Sikudhani alikifahamu. Kilivunjika siku ya mazishi, na vigae vyake alivizoa yeye mwenyewe.

"Ni changu," akasema. "Bila mimi, toroli hili ni majivu."

"Bila mimi ni mbao tu, mwanangu," akasema Shekigenda. "Nani alilitia miguu ya kujia?"

"Sikieni maneno!" Mbaruku akafoka. "Mmoja alikimbia, mwingine aliiba shamba. Mimi nilikuwepo! Nilimfumba macho kwa mikono hii!"

"Na toroli ukawapa kuku, mjomba."

Mbaruku akalisogelea toroli.

Sikudhani akanyoosha mkono. Akaona mikono mingine miwili imenyooshwa. Vidole vyake vilisikia joto la kikombe, na joto lilikuwa linapungua. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Lakini kizingiti, kilichokuwa kikavu, kilianza kulowa.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, semeni upesi, mvuke unakatika. Aliyeliokoa toroli, aliyelitengeneza, au aliyemuuguza Bibi mwenyewe: je, nani alistahili kunywa?