Bi Pimbi na Uso Unaowaka

Hadithi, hadithi inakuja.
Ije polepole.
Imetembea juani.
Ipewe maji.
Imechoka.
Ikae, tuisikilize.

Basi palikuwa na Bi Pimbi, mama wa watoto saba na bibi wa wajukuu aliokwisha kuwachanganya majina. Zamani hizo wanyama hawakuwa na manyoya usoni. Kila mmoja alikuwa na uso mtupu, laini. Mwaka huo Bi Pimbi siku zake zilikuwa zimekoma, na tangu zikome, joto lilimwingia bila hodi. Linaanza kifuani, fuu. Linapanda shingoni, fuu. Linafika mashavuni, fuu, na uso wote unakuwa mwekundu. Likiondoka, linaacha ngozi inachonyota hata kwa upepo.

Majirani nao hawakumwacha. Kanga akamwambia, "Dada, paka limau." Akapaka limau, ikachonyota. Nyani akamwambia, "Shoga, sugua mchanga." Akasugua mchanga, ikachubuka. Kobe akamwambia, "Mama, kunywa supu ya pilipili utoe jasho." Akanywa supu ya pilipili, na siku hiyo hata sisemi. Alikuwa amechoka, masikini. Amechoka na joto, na zaidi amechoka na ushauri.

Kitu kimoja tu kilimfaa. Chini ya mlima wa mawe palikuwa na pango dogo lenye kivuli, na humo maji yalidondoka mwambani, to, to, to. Jua likiwa utosini, Bi Pimbi huenda huko, hulowesha jani pana, hulilaza usoni bila kusugua, hufumba macho. Humo tu ndimo alimopata usingizi.

Siku moja akamkuta Fisi amejinyoosha ndani, ametandaza miguu yote minne.

"Baba Fisi, hapa ndipo ninapopoza uso."

"Ulipokuwa unapoza. Sasa ni pangu."

"Kivuli kinatutosha sote wawili."

"Mimi hakinitoshi."

Kesho yake akarudi, akaomba, akafukuzwa. Kesho kutwa akarudi, na safari hii hakuwa na nguvu hata ya kuomba. Alisimama tu mlangoni, machozi yanamlengalenga, na joto likamkuta hapo hapo. Fuu, fuu, fuu.

Fisi akainua kichwa, pua ikamcheza. "Bi Pimbi, uso umekuiva. Unapika wapi leo?"

Sasa sikilizeni. Kwao, arusini, ukoko wa pilau haugawiwi ovyo. Ukoko ni wa mpishi, na mpishi hajitambulishi kwa maneno, hutazamwa uso. Aliyeiva kwa moto, sufuria huletwa mbele yake akwangue. Fisi alikuwa amefukuzwa arusi nyingi kwa sababu ya uso wake mkavu, usiojua jiko.

Bi Pimbi alitaka kumwambia ukweli. Lakini ukweli ulitaka maelezo, na yeye hakuwa na pumzi ya kumweleza Fisi mambo ya wanawake.

"Si unauona uso wa mpishi," akasema.

"Na ukoko upo?"

"Arusi ikiwepo, ukoko upo."

"Nami nitaupataje uso huo?"

"Kalale juu ya lile jiwe, jua likutazame."

Fisi akatoka mbio, gubu gubu gubu, akajilaza jiweni. Bi Pimbi akaingia, akalowesha jani, akalilaza usoni.

"Bi Pimbi, nimeiva?"

"Bado." To, to, to.

"Bi Pimbi, nimeiva?"

"Bado." To, to, to.

"Bi Pimbi, sasa naungua."

"Basi karibu utaiva."

Alasiri Fisi akateremka, uso umevimba, umewaka, na njaa ya ukoko imempotea kabisa. Akajaa mlangoni. "Toka humo. Uso unanichonyota, nayataka maji."

Hapo Bi Pimbi aliogopa kweli. Akilipoteza pango hili leo, hana mahali pengine duniani pa kuweka uso wake. Akakaa kitako, akapumua.

"Maji haya chukua," akasema. "Mimi nitabaki na dawa zangu. Nina limau la Kanga, mchanga wa Nyani na supu ya Kobe. Majirani wanaapa kwa hizo. Ila usiniombe, nimejiwekea mwenyewe."

Fisi akasikia hilo neno, mwenyewe. "Ziko wapi?"

"Nyumbani kwangu, mlangoni. Lakini zisiguswe."

Fisi akaenda akazichukua zote. Akapaka limau, akasugua mchanga, akameza supu mpaka ikaisha. Kisha akapiga yowe, akavuka mlima, akavuka mto, na hakurudi tena. Mkimsikia kule mbali mnasema anacheka. Hacheki, inamchonyota.

Bi Pimbi akalala, jani usoni. Hata hajasinzia, fuu, kifuani. Fuu, shingoni. "Na wewe tena," akasema. Joto halitaki ukoko, joto halidanganyiki. Akaligeuza jani upande wa baridi, akalingoja lipite. Likapita. Litarudi, lakini pango ni lake.

Hadithi imefika, imevua viatu.
Ipumzike.
Iliyo tamu bebeni, iliyo chungu niachieni niipoze.

Na funzo lake ni hili, wanangu: uso ukiwawaka, fuateni ushauri wa kila jirani, maana dawa zao zinafanya kazi. Fisi si mlimwona? Haya, nani kakaa kwenye kivuli changu? Asogee, anipe na kile kitambaa kilicholowa. Limau libaki huko huko jikoni.