Fisi na Watoto wa Kuokota

"Jamani, naleta hadithi!"

"Ilete tuione!"

"Ina uongo ndani!"

"Uongo tutautoa!"

"Na utamu?"

"Huo tuachie!"

Haya, sogeeni. Na wewe uliyenyoosha miguu hapo kati, ikunje, hadithi ipate pa kupita.

Hapo kale wanyama walikuwa na mila zao. Mtoto akizaliwa hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke na mama apate nguvu. Siku ya kumtoa, majirani wanaalikwa, uji wa pilipili manga unapikwa, na kabla mtoto hajapewa jina anaitwa Bi Mbu kuonja damu. Mnacheka nini? Nani mwingine angeonja damu, Twiga? Bi Mbu ndiye aliyekuwa na ulimi wa kazi hiyo. Anadonoa, ti! Anafumba macho, anatangaza: "Huyu kundi A!" Au, "Huyu kundi B!" Au AB, au O, lolote alilokuta. Wanawake wanapiga vigelegele, jina linatolewa, uji unanywewa.

Ilikuwapo na mila nyingine, ya hovyo, lakini ilikuwapo. Kila kitu cha kuokota msituni, kisicho na mwenyewe, ni cha Fisi. Mfupa wa kuokota? Wa Fisi. Ngozi ya kuokota? Ya Fisi. Kiatu cha kuokota? Cha Fisi, na alikila na kamba zake.

Sasa, walikuwako digidigi wawili, mke na mume, Bi Mashavu na Bwana Kwato. Mnawajua digidigi, wale swala wadogo wenye macho makubwa, wanaotembea wawili wawili maisha yao yote. Hawa walingoja mtoto mpaka majirani wakachoka kuuliza. Mwishowe Bi Mashavu akajifungua mtoto wa kike, na furaha ya nyumba ile ikawa haina pa kukaa.

Siku ya kumtoa mtoto ikafika. Wa kwanza kuingia uani alikuwa Fisi, ambaye hakualikwa. Akakaa karibu na sufuria, tumbo linanguruma: guru, guru, guru.

Bi Mbu akaja, zziii! Akamdonoa baba, ti! "Kundi A!" Vigelegele. Akamdonoa mama, ti! "Kundi B!" Vigelegele. Akamdonoa mtoto, ti! "Kundi O!" Vigelegele vikaanza, halafu vikakatika katikati, maana Fisi alikuwa amesimama.

"Ngojeni kwanza," akasema Fisi. "Baba A. Mama B. Mtoto O. Hiyo O imetoka wapi?"

Fisi akamsogelea mtoto, akamnusa.

"Si ya baba. Si ya mama. Basi mtoto huyu si wenu, ni wa kuokota! Na cha kuokota..." Akalamba midomo, lwap!

Bwana Kwato akageuka, akamtazama mkewe. Lilikuwa jicho la mara moja, lakini Bi Mashavu aliliona, na lilimuuma kuliko maneno yote ya Fisi.

"Hata wewe, baba watoto?"

"Mimi sijasema kitu, mke wangu."

"Umesema." Akamkumbatia mtoto kifuani, akaanza kulia.

Bi Mbu akajisikia vibaya, maana ulimi wake ndio ulioleta balaa. Akaruka mpaka usoni kwa Fisi. "Bwana Fisi, hebu sikia. Kila mzazi ana punje mbili damuni, na moja yaweza kujificha..."

"Ziko wapi hizo punje? Nionyeshe."

"Hazionekani."

"Nisichokiona sikiamini. Ninachokiona mimi hapa ni kitoweo." Guru, guru, guru.

Bi Mbu akaona hapa somo halitaingia, njia ya masikio imezibwa na njaa. Akabadilisha wimbo. "Zziii! Jamani, Bwana Fisi ana haki!"

Wageni wote wakashika vichwa. Bi Mashavu nusura azimie.

"Mtoto asiye na kundi la baba wala kundi la mama ni wa kuokota," Bi Mbu akaendelea. "Lakini apa kwanza, mzee wangu, kesho wasije wakasema ulikula kwa uroho. Utamla kila mtoto wa namna hiyo?"

"Kila mmoja!"

"Hata akilia?"

"Hata akilia!"

"Hata mama yake akiwa mkubwa kuliko wewe?"

"Hata akiwa na ukubwa wa tembo! Nikimwacha mmoja tu, haki yangu ya vitu vya kuokota ife leo!"

"Umeapa vizuri sana," akasema Bi Mbu. "Basi anza na nyumba yako, watu wasinung'unike. Tuonje damu yenu tukufu hapa hapa, halafu ule kwa raha zako."

Fisi akavimba kichwa. Damu yake ndiyo iliyokuwa ringo lake la kila siku. "Mimi ni AB! Nyinyi mna herufi moja moja. Mimi ninazo mbili!" Akamwita mkewe kwa sauti.

Bi Fisi akaja na watoto wao, Chonge na Taya. Na kwa fisi, msisahau, mke ndiye mwenye mwili, tena ndiye mwenye nyumba. Alipokaa, vumbi liliruka.

Bi Mbu akamdonoa Fisi, ti! "AB!"

"Mnasikia? Mbili!"

Akamdonoa Bi Fisi, ti! "O!" Akamdonoa Chonge, ti! "A!" Akamdonoa Taya, ti! "B!"

Wageni wote wakageuka, wakamtazama Fisi.

"Baba AB," akasema Bi Mbu polepole. "Mama O. Chonge si AB, wala si O. Taya si AB, wala si O. Wa kuokota wote wawili. Bwana Fisi, uletewe chumvi?"

Bi Fisi akasimama. "Baba Chonge. Hebu rudia nisikie vizuri. Watoto wangu nimewaokota wapi?"

Fisi akarudi nyuma, mkia katikati ya miguu. "Bi Mbu, dada yangu... zile punje zilikuwaje?"

"Punje zipi? Zile zisizoonekana?"

"Naziona! Naziona sasa hivi!"

Bi Mbu akamnong'oneza sikioni, zzi, zzi, zzi. Fisi akapanda juu ya kinu akapaza sauti:

"Jamani! Kila mmoja wetu ana punje mbili damuni, moja ya mama yake, moja ya baba yake. Na yeye akizaa hampi mtoto zote, anampa moja tu! Mimi nina A na B. Chonge nilimpa A, Taya nikampa B. Mama yao ana O mbili, kila mmoja kampa O. Lakini O ni mpole, akikaa na A au B ananyamaza, A au B ndiye anayesikika. Ni wangu hawa! Tazameni meno!"

"Na mtoto wa Bwana Kwato?" akauliza Bi Mbu.

Fisi akakitazama kile kitoto, akameza mate. Akamtazama mkewe, akayameza tena. "Bwana Kwato ni A, lakini nyuma ya A yake yupo O aliyenyamaza. Bi Mashavu ni B, na nyuma ya B yake yupo O aliyenyamaza. Mtoto kapewa wanyamavu wote wawili. O na O, ni O. Mtoto ni wao. Wao kabisa." Machozi yakamtoka, nusu ya kuwapenda wanawe, nusu ya njaa.

Na kwa kuwa hakula, kiapo kikamshika. Tangu siku ile Fisi hana haki ya kitu cha kuokota. Akikiona anakichukua mbio mbio huku anaangalia nyuma.

Bwana Kwato akamsogelea mkewe. "Nisamehe lile jicho, mke wangu."

"Nitalifikiria," akasema Bi Mashavu, "nikishakunywa uji." Lakini alimpa mtoto ambebe, na mtoto wakamwita Wetu.

Wakamuuliza Bi Mbu anataka nini. "Kidogo tu," akajibu. "Nionje kila nikipenda, na nisipigwe." Wakakubali wote kwa sauti moja, hata sisi binadamu, tuliokuwa tumekuja kwa ajili ya uji. Ndiyo maana mpaka leo akija anapitia sikioni kwanza. Anakumbusha: "Zziii, tulipatana! Zziii, tulipatana!"

Hadithi yangu imevua viatu, imeingia kulala. Na funzo lake ni hili, lishikeni: tumheshimu Bi Mbu, mwokozi wa watoto na mpatanishi wa ndoa, na tusivunje kamwe mapatano tuliyo...

Paa!

Nimempata. Haya, shusheni vyandarua.