Weupe wa Kanzu ya Sultani

Hapo zamani, watu walipokuwa wakifua kwa majivu ya kuni na subira, palikuwa na dobi katika mji wa Pwembe, jina lake Faki, maskini wa kutupwa, ila ulimi wake haukuwa maskini. Alifua kanzu za Sultani Mwinyi Shaali, akafua na za makabwela, na zote zilitoka mikononi mwake nyeupe pe.

Basi siku moja sokoni watu wawili walimwona mtu kwa nyuma, kanzu yake inang'aa, wakainama hata chini: "Sabalkheri, Seyyid!" Alipogeuka, kumbe ni Vuai muuza makaa. Mji mzima ukacheka, isipokuwa Sultani. Akamwita Faki.

"Ewe dobi, weupe ule ni wangu! Umeutoa katika kanzu yangu ukampa muuza makaa. Ijumaa, kabla ya sala, uniletee weupe wangu wote. Ukishindwa, utauhama mji huu, wewe na mkeo."

Faki akarudi nyumbani mbio, kwani mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na mji wa pili ulikuwa mwendo wa siku nne.

"Nitakwenda wapi na tumbo hili, mume wangu?" mkewe akalia.

Ikawa siku ya Alhamisi, kama ilivyo ada, kanzu zote saba za Sultani zikaletwa kufuliwa. Faki akakaa kitako akazitazama kwa muda mrefu, kisha akainuka akakoroga pipa la nili.

Ijumaa akaingia barazani na kanzu saba zilizoiva nili hata kukaribia weusi, na kisanduku kidogo juu yake.

"Maskini wee! Umezifanyaje kanzu zangu?" Sultani akapiga kelele, kajifunga kikoi tu akingoja kanzu.

"Nimeutoa weupe wake, Bwana wangu. Kwa kuwa wezi wamezidi, nimeutia humu sandukuni, upate kulala nao chini ya mto."

Sultani akafungua, akachungulia, akakipindua kile kisanduku, akakitikisa. "Hamna kitu!"

"Basi, Seyyid, ikiwa weupe hauwezi kukaa humo bila nguo, ulipitaje kwenda kwa Vuai? Ulikatiza soko peke yake, uchi, mchana kweupe? Kanzu yako ilikuwa nyeupe kwa weupe uliokuwa ndani yake, na ya Vuai ni nyeupe kwa uliomo ndani yake. Mimi huondoa uchafu tu. Weupe sijapata kuushika hata siku moja."

Mara adhana ikasikika.

"Na mimi nitavaa nini msikitini?" akauliza Sultani, sauti imemshuka.

Faki akafungua furushi, akatoa kanzu moja nyeupe. "Ya Vuai, Bwana wangu. Amekuazima kwa roho safi."

Sultani akamtazama, akaitazama kanzu, kisha akaangua kicheko hata kilemba kikamwendea upande. Akaivaa, akaenda kusali, na watu wakamwinamia vilevile kama kila Ijumaa. Aliporudi akaamuru Faki apewe magunia matatu ya mchele, na mkewe ajifungulie papo hapo Pwembe bila kubughudhiwa na mtu.

"Na kanzu yenyewe je, Seyyid?" Faki akauliza.

"Weupe wake ni uleule niliouzoea," akajibu Sultani, akijikuna kwapa, "ila mikono yake yanibana."