Maswali ya Daktari Shen

Waliotutangulia hawakuona haya kuyataja mambo ya ndani pale palipohitajika. Walijua kuwa aibu ni nguo njema ya kuvaa mbele za watu, lakini anayeing'ang'ania hata mbele ya yule anayetaka kumsaidia hujinyima mwenyewe. Merina, mkaza mwana wa Mama Klementina, alikuja kulielewa jambo hilo hapa Kigoma, mwaka wa pili tangu vita viwavushe ziwa.

Merina alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Walipofika kutoka upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, yeye, mumewe Faustini na mama mkwe wake, hawakwenda kambi ya wakimbizi. Walijibanza kwa ndugu mmoja pale Katubuka, na tangu hapo kuficha ndiko kukawa kuishi. Sokoni alizungumza kwa kifupi ili lafudhi isimchongee. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu Ujiji, kisha akainama kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Faustini alikuwa akivua dagaa upande wa Mwamgongo na kurudi mara moja moja. Merina naye alibeba mabeseni ya dagaa pale mwaloni Kibirizi na kuwaanika mchangani, mpaka bega lake la kulia likagoma. Mkono ukawa hauinuki hata kujifunga kilemba.

Kulikuwa na jambo jingine lililojulikana na watu wawili tu. Merina alikuwa na mimba ya mwezi wa tatu. Mimba mbili zilikwisha kumtoka, ya kwanza ndani ya boti wakikimbia, ya pili hapo hapo Katubuka. Mara hii Mama Klementina alimfunga uzi mweusi kiunoni, akawa anamchemshia majani ya kushikilia mimba kila asubuhi, tena akamwekea amri kwa lafudhi ya kwao.

"Mimba changa haitajwi, mwanangu. Hata mumeo asijue mpaka itokeze yenyewe. Batu ni babaya. Jicho moja tu, basi, imekwenda."

"Ndiyo, mama."

Bega lilipozidi kuuma, majirani waliwaelekeza kwa Daktari Shen, Mchina aliyepanga nyumba karibu na stesheni ya reli na kutibu kwa sindano na miti shamba ya kwao. Merina na mama mkwe wake walikwenda mapema. Kwenye benchi walimkuta Mzee Pastory, mstaafu wa reli, aliyekuwa akitibiwa nyonga.

"Shikamoo, mzee," Merina alisalimu kwa sauti ya chini.

"Marahaba, binti. Mara ya kwanza? Usitetemeke. Mimi nimechomwa kama mshikaki na bado natafuta mchumba."

"Mchumba gani atakutaka na hiyo nyonga?" Rozalia, muuguzi, alidakia kutoka ndani. Alikuwa Muha wa Kasulu mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo, akawasalimu kwa Kiha. "Mwakeye, mama! Karibuni, mpiteni huyo."

Daktari Shen alikuwa mtu mwembamba, mwenye Kiswahili cha maneno machache yaliyopangwa moja moja kama vikombe. Alimwomba Merina atoe ulimi, akautazama. Akaweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wake, akausikiliza mshipa. Kisha akaanza kuuliza.

"Umekula?"

"Nimekula," alisema Merina, ambaye tumboni hakuwa na kitu ila maji ya majani.

"Dawa nyingine unakunywa? Ya hospitali? Ya majani?"

"Hapana."

"Mimba?"

Mama Klementina, aliyesimama mlangoni, alikohoa.

"Hapana," alisema Merina.

Rozalia aliwatazama wote wawili. "Dada yangu, hapa si polisi. Maswali haya hatukuulizi ili tukujue, tunakuuliza ili tusikuumize. Sindano mtu huichomoa. Dawa ya kuchemsha ikishashuka tumboni, nani ataichomoa?"

Merina aliinamia vidole vya miguu yake. Moyo ulimwambia sema, kikohozi kilimwambia nyamaza, na kikohozi ndicho kilichoshinda.

Daktari alifungua pakiti mpya mbele yake, akamwonyesha sindano nyembamba kama unywele. Rozalia akamweleza kuwa kila mgonjwa hufunguliwa zake, na zikishatumika hutupwa. Tena asingesikia maumivu makali, ila uzito fulani, kama mkono uliolaliwa. Alipotaka kumlaza kifudifudi ili mgongo uonekane, Merina alikamata kanga yake kiunoni. Aliukumbuka ule uzi.

"Mgongo hapana," alinong'ona.

Daktari hakumlazimisha. Alichoma begani, mkononi, na moja katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kweli, uzito ulikuja taratibu. Lakini baada ya kitambo jasho jembamba lilimtoka Merina, na chumba kikaanza kurudi nyuma. Daktari alichomoa sindano upesi, akamwinua miguu. Rozalia akamletea uji wa moto wenye sukari, akamnywesha kwa kijiko kama mtoto.

"Hujala," alisema daktari. Hakuuliza, wala hakukasirika.

Merina alitabasamu kwa haya. Uongo wa kwanza ulikuwa umejitaja wenyewe, lakini ule wa pili na wa tatu bado ulikuwa umeketi ndani yake, umekunja miguu. Kwa kuwa alikwisha sema hapana, akapewa kifuko cha mizizi na maganda ya miti ya kuisukuma damu iliyolala begani. Aichemshe, anywe asubuhi na jioni.

Alikunywa jioni ile. Asubuhi aliamka na tumbo linalovuta kwa chini, na alipojitazama aliona doa la damu. Hakupiga kelele. Alimwita mama mkwe wake, akamwonyesha.

Mama Klementina alishika kichwa. "Yesu wangu! Ngoja nikuongezee majani. Nitayachemsha mazito."

Alikwisha kuinama kupuliza mkaa, Merina alipomshika mkono. Ndipo mama mkwe alipokiona kile kifuko cha Mchina karibu na jiko, na sufuria lake la majani pembeni. Dawa moja ilikuwa ikifunga mlango, na nyingine ikiupiga teke, ndani ya mwili ule ule.

"Mama," alisema Merina, na sauti yake ilikuwa laini bado, "zile mbili tulizinyamazia. Zikaondoka. Hii mimi naitaka."

Mama Klementina alimtazama mkwewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akajifunga kitenge.

Walikodi baiskeli na mwendeshaji wake, Merina akakaa nyuma, mama mkwe akaenda kasi pembeni akimshika mgongo. Benchi la Daktari Shen lilikuwa limejaa. Macho yote yaliwageukia, na mbele ya macho hayo ulimi wa Merina ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Rozalia alitoka. "Kuna nini, dada?"

Merina aliinua uso. "Nina mimba," alisema, mbele ya wote. "Nilidanganya. Na damu inatoka."

Daktari Shen alikwisha kufika mlangoni. "Dawa nyingine?" aliuliza, polepole.

Merina alimgeukia mama mkwe wake, kwa sababu jibu hilo halikuwa lake. Mama Klementina alitoa kifurushi alichokibana kwapani, akakifungua. Majani yakaonekana.

"Ni mimi," alisema. "Ninamnywesha haya kila siku. Na kunyamaza nilimwambia mimi. Mtoto huyu hana kosa, daktari. Nilidhani ninamlinda."

"Mama," alisema Rozalia, na sauti yake ya ng'ambo ilikuwa imeshuka, "hata anayelinda huweza kukosea njia."

Daktari aliviweka vifuko vyote viwili kando. "Zote acha. Sindano leo hapana. Hii kazi ya hospitali. Sasa hivi."

Mzee Pastory, na nyonga yake, alikuwa wa kwanza kuinuka. Alichechemea hadi barabarani akasimamisha gari dogo la mizigo kwa fimbo, huku akimfokea dereva kana kwamba reli yote bado ni yake. Rozalia alikwenda nao. Hospitalini mkunga alimuuliza Merina anatoka wapi. Alianza kusema Ujiji, akasita.

"Fizi," alisema. "Tulivuka na vita."

"Pole sana, mama. Lala hapa."

Basi, ikawa hivyo tu. Alilazwa, akatibiwa, akaambiwa atulie. Mama Klementina alikaa chini kando ya kitanda akimpepea kwa ncha ya kanga, na kila damu ilipopungua alijipangusa macho akidai ni vumbi. Damu ilikatika. Faustini alipopelekewa habari na wavuvi wenzake, alikuja akinuka dagaa mwili mzima, akampigia magoti mkewe.

Baadaye, kwa ruhusa ya mkunga, Merina alirudi kwa Daktari Shen. Safari hii alikuwa ameshiba ugali, na alijibu hata asiyoulizwa. Daktari alimtibu bega kwa sindano chache, pasipo dawa ya kuchemsha, wala hakugusa tena pale katikati ya vidole. "Hapa, mpaka mtoto atoke," alisema. Bega halikupona kama muujiza. Lilifunguka kidogo kidogo, na mvua za masika zilipoanza, mkono ule ndio uliopokea mtoto wa kike na kumweka kifuani.

Siku moja Mama Klementina alikwenda kwa Daktari Shen kwa ajili ya magoti yake mwenyewe, mjukuu akiwa mgongoni. Kwenye benchi alikaa binti mgeni, anayemnong'oneza Rozalia kuwa hana tatizo lolote, hatumii chochote, hana lolote la kusema.

Mama Klementina alisogea, akamwegemea bega. "Mwambie yote, mwanangu. Ulichokunywa, ulichofunga, ulichobeba. Mimi niliona aibu hapa, mbele ya batu hawa wote, na sikufa. Mtazame huyu mgongoni."

Binti alimtazama mtoto aliyelala mdomo wazi. Kisha akamgeukia Rozalia, akaanza upya kueleza. Kweli, mficha uchi hazai.