Gari Lililokwanguliwa Rangi

Jumatano tarehe kumi na moja Juni, saa tatu asubuhi, mtu mmoja alichukua msasa akakwangua rangi ya gari lake jipya mpaka chuma kikaonekana. Saa hiyo ndiyo mambo yalipobadilika. Nisikilizeni, ndugu zangu, niwaeleze sababu, maana tangu siku ile kila ninapopiga magoti kusali nakiona kile chuma kinavyong'aa, na moyo wangu unadunda kwa furaha.

Mtu huyo alikuwa na kaka mmoja tu. Yeye aliitwa Ambokile, na kaka yake aliitwa Gwamaka. Gwamaka alikuwa mume wangu. Wote wawili walipenda redio ya ridhaa, ile ambayo watu wenye leseni huongea wao kwa wao kupitia hewani, bila mshahara na bila biashara, mtu wa hapa na mtu wa nchi ya mbali. Gwamaka ndiye aliyeanza. Alivuta waya mrefu kutoka pembe ya nyumba mpaka kwenye mkaratusi, akaiweka redio juu ya meza. Alipougua na miguu ikamkatalia, tuliisogeza ile meza mpaka kitandani.

Katika nyumba ya baba yao kulikuwa na desturi. Jioni, kabla ya watu kulala, mkubwa wa nyumba husali, na ndani ya sala hutaja jina la kila mmoja. Aliyetajwa huitika, "Nipo." Baba alifanya hivyo, na baba alipofariki akafanya Gwamaka. Hata mtoto aliyekwisha sinzia aliamshwa aitike. Basi daktari alipotuambia bila kuficha kwamba ugonjwa ule hautapona, Gwamaka hakuuliza habari ya dawa nyingine. Alitaka jambo moja: kwamba jioni akilitaja jina la mdogo wake, amsikie akiitika kwa sauti yake mwenyewe, siku zote zilizobaki.

Lakini Ambokile alikuwa mtu wa barabarani. Alinunua viazi kwa wakulima ng'ambo ya milima, huko ambako simu haishiki, na alikaa huko siku nyingi kabla ya kurudi. Kama angeiacha kazi ile, nyumba mbili zingelala njaa, yake na yetu. Kwa hiyo kila jioni Gwamaka alisema, "Ambokile," na chumba kikawa kimya. Alingoja kidogo. Kisha aliendelea na sala.

Mwezi wa tano Ambokile akapata pikapu. Ilikuwa ya bluu iliyokoza, na rangi yake ilikuwa mpya hata ukijitazama ubavuni unaona meno yako. Ndugu zangu, alilipenda gari lile. Aliliosha asubuhi kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Kuku akirukia boneti alimfukuza kama mwizi. Alipolileta nyumbani, Gwamaka aliligusa kwa macho kupitia dirishani, akacheka, akasema, "Sasa tumepona, bwana mdogo. Funga redio humo. Utaniitika kutoka huko huko kwenye viazi."

Laiti mngewaona siku ile! Mgonjwa alikuwa ameketi, anachora antena kwa kidole juu ya shuka. Redio ya akiba ilikuwepo. Kilichokosekana ni antena ya kufunga kwenye gari, na Ambokile akashuka mjini siku iyo hiyo kuitafuta.

Dukani alikuta za aina mbili. Moja ilikuwa fupi na nzuri, imekaa juu ya kitako cha sumaku. Muuzaji akamwambia, "Chukua hii, bosi. Unaibandika tu, rangi yako haiguswi." Nyingine ilikuwa fimbo ndefu kupita urefu wa mtu, katikati ina koili ya waya, nene kama gunzi, na chini ina bolti ya kufungwa kwenye chuma. Ambokile alimpigia kaka yake simu akiwa pale pale kaunta.

"Kaka, kuna fupi moja maridadi sana."

"Hiyo fupi itafika sokoni," Gwamaka akamjibu. "Mimi siko sokoni. Nunua ile unayoionea aibu."

Akainunua ndefu. Na wanawake wa sokoni walipoiona ikiyumba nyuma ya gari walimpigia kelele, "Baba, umefuata viazi au umekuja kuvua samaki?" Alicheka nao. Hakujali. Alikuwa amechagua vizuri.

Alichagua vizuri, akafunga vibaya. Bolti ile ilitaka tundu, na Ambokile hakuweza kulitoboa gari lake. Akatengeneza kibanio cha kuibana antena ukingoni mwa boksi la nyuma. Na ili kibanio kisichubue rangi, alikata kipande cha mpira wa tyubu, akakilainisha kingo kwa wembe, akakitandika chini yake kama mtu anayemtandikia mtoto mchanga. Ilikaa imara. Ilipendeza. Akavuka milima.

Jioni ile tulikuwa tayari. Niliwasha redio, nikampa Gwamaka kipaza sauti. Akasali, akatutaja sote, nasi tukaitika. Kisha akasema, "Ambokile." Tukasikia uvumi wa hewa tu, kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Akasema tena, "Ambokile." Uvumi ule ule.

Sasa jueni jambo hili, maana mwenyewe alitueleza baadaye. Ambokile alikuwa anatusikia. Huko ng'ambo, ndani ya gari la bluu, kati ya magunia, alimsikia kaka yake akilitaja jina lake mara ya kwanza na mara ya pili. Akabonyeza kitufe akaitika, "Nipo! Nipo, kaka!" Akapiga kelele mpaka wakulima wakageuka. Kwenye redio yake kulikuwa na kipimo chenye mshale, kinachoonyesha nguvu iliyorudi badala ya kutoka. Mshale ulikuwa umelala upande wa mwisho. Kila alichokituma kilimrudia, na redio ikapata moto mkononi mwake. Tena akamsikia kaka yake, kwa sauti iliyochoka, akiendelea na sala bila yeye.

Je, alifanya nini? Alinunua waya mnene zaidi. Akabadilisha betri. Akailaumu milima, akalilaumu wingu, akairefusha fimbo na kuifupisha. Kila jioni akapanda kwa gari kilima kingine, akitafuta mahali pa juu. Alibadilisha kila kitu ambacho hakikuigusa rangi. Na kila jioni alimsikia Gwamaka akimwita, na kila jioni sauti ile ilikuwa nyembamba kuliko jana yake.

Usiku wa Jumanne hakulala. Aliendesha mpaka kukapambazuka, akaingia uani kwetu na macho mekundu, akasimama mlangoni akasema, "Shemeji, mimi nakusikieni. Ninyi hamnisikii. Nitakuwa na dhambi gani?"

Gwamaka akasikia kutoka kitandani. "Lisogeze gari dirishani," akasema.

Tulimwinua, tukamwekea mito mgongoni. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka kikohozi kikamshika nikampigapiga mgongo.

"Shemeji yako ameivalisha viatu vya raba," akaniambia. Halafu akamgeukia mdogo wake, akazungumza polepole kama mwalimu. "Hiyo fimbo ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni gari lako, chuma chote, kuanzia nyuma mpaka mbele. Umezitenganisha kwa mpira. Na ukiutoa mpira, bado utakuwa umezitenganisha kwa rangi. Toboa, kwangua, chuma kiguse chuma."

Ambokile akalitazama gari. Naam, hata saa ile alilitazama. "Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "gari lenyewe lina wiki tano."

Gwamaka akamwuliza, "Na mimi nina wiki ngapi?"

Ilikuwa saa tatu. Ambokile akaenda kwa jirani akaazima drili, akarudi, akautupa mpira ule majanini. Akatoboa. Akachukua msasa akakwangua kuzunguka tundu, kwanza kwa woga, kama anayemkuna mgonjwa kidonda, kisha kwa nguvu, kisha kwa furaha, mpaka vumbi la bluu likamjaa mikononi na usoni, na chuma kikatoka cheupe. Gwamaka alimwelekeza kutoka dirishani. Alimwambia apake grisi kuzunguka bolti, kwa sababu chuma kilichofunuliwa kisipotunzwa hushikwa na kutu. Alimwambia pia achukue waya wa kusuka na kuifunga kebini na boksi la nyuma pamoja, kwa sababu katika pikapu hivyo viwili vinaonekana ni gari moja, lakini vimekaa kila kimoja juu ya raba zake. Hapo pia akakwangua, pande zote mbili. Mimi nilishika kopo la grisi.

Akawasha redio, akabonyeza kitufe. Mshale ukaanguka. Ndugu zangu, ulianguka ukalala mwanzoni kabisa, haukutikisika! Ambokile alipiga honi uani kwetu kama gari la harusi. Akaingia ndani, akaishika miguu ya kaka yake, akaondoka kurudi kwenye viazi, na alama ya bluu ikiwa bado usoni pake.

Jioni ilipofika majirani walikuwa wamejaa chumbani, wengine wamesimama nje ya dirisha na mablanketi mabegani kwa ajili ya baridi. Gwamaka akasali. Akatutaja mmoja mmoja, bila haraka. Nilitaka kumwambia, harakisha, lakini alikuwa anafurahia. Kisha akasema, "Ambokile."

Na ndani ya ule uvumi ikatoka sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa safi, kana kwamba mtu ameketi kwenye kigoda mguuni pa kitanda. "Nipo, kaka. Nipo."

Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wa kijiji kizima wakabweka. Mama mmoja mzee akakimbia akatazama nyuma ya redio. Huko ng'ambo Ambokile alitoka garini akarukaruka kati ya magunia, na wakulima wakadhani ameingiwa na siafu. Na Gwamaka alilia na kucheka pamoja, akabonyeza kitufe akasema, "Nimekusikia, mdogo wangu. Punguza makelele, tumalize sala." Tukaimaliza sala. Sijapata kusikia "Amina" ya namna ile, wala kanisani siku ya Pasaka.

Ikawa hivyo kila jioni mpaka mwisho wa Julai. Alimwita, akaitikiwa. Jioni ya mwisho sauti yake ilikuwa ndogo mno hata niliweka kipaza sauti karibu na midomo yake, lakini jina lilitoka, na jibu likaja, naye akafumba macho akiwa mtu aliyeshiba. Alfajiri Bwana akamchukua. Huzuni yangu ni kubwa, siifichi. Lakini sikuja leo mbele yenu kulia. Nimekuja kwa sababu nimeona jambo kwa macho yangu, nami siwezi kukaa nalo peke yangu.

Tazameni, Ambokile hakukosa kuitwa. Aliitwa kila jioni, kwa jina lake, na aliyemwita alikuwa anampenda na alikuwa anangoja. Tena hakukosa kujibu. Alijibu kwa kelele kuliko sisi sote. Na antena yake ilikuwa nzuri, ile inayostahili. Imani yetu nayo ni nzuri, ndugu zangu, tuliichagua vizuri, tena tunaiinua juu watu wote waione. Tukiona maombi yanaturudia na kutuchoma mikono, tunatafuta kilima kingine, mhubiri mwingine, mfungo mrefu zaidi. Mtu yuko tayari kupanda mlima kwa magoti, lakini hayuko tayari kumwambia mkewe ukweli, wala kumwomba radhi jirani yake, wala kuonekana na watoto wake alivyo. Amepaka maisha yake vizuri, nayo yanang'aa, na anamwomba Mungu juu ya rangi.

Siku ya kukwangua inauma. Sitawadanganya, nilimwona mtu akianza kwa woga. Lakini niliiona pia jioni yake, na nawaambia kwamba furaha ya jioni ile hainunuliwi kwa gari lolote jipya.

Ni nani anayelitaja jina lako sasa hivi na kunyamaza akingoja, nawe ni nini ulichokitandika kati ya jibu lako na yeye kwa kuogopa mkwaruzo?

Tusimame, tuombe. Ee Bwana, mwenye walio hai na waliolala, mpokee Gwamaka mtumishi wako. Mahali alipokosa umsamehe, mahali alipovumilia umfariji. Umpe pumziko baada ya maumivu yale marefu uliyoyaona wewe usiku baada ya usiku, na nuru yako imwangazie, aamke katika ufufuo akiwa mzima pamoja na watakatifu wako wote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.