Ufa wa Jabali la Ikongwe

Mola alipoliinua jabali la Ikongwe juu ya kijiji chetu, hakuliumba na ufa huu mnaouona. Lilikuwa zima kama yai, na chemchemi ilibubujika chini yake, upande wa nyumba zetu. Mtuhumiwa yeyote alipelekwa hapo, akaweka kiganja juu ya jiwe, akaapa. Aliyeapa uongo, jabali lilimuumbua; aliyeapa kweli, lilinyamaza. Mshitaki hakuapa, alisimama tu akitazama. Hapo ndipo wazee wetu walipokosea.

Ukaja ukame. Chemchemi ikawa matone, na kila nyumba ikagawiwa kibuyu kimoja. Watu wakaanza kuchunguzana: nani midomo yake imelowa, mtungi wa nani unatoka jasho. Wakaona kwamba mjane Namkunda, aliyeishi peke yake ng'ambo ya jabali, ana mmea wa maboga uliostawi.

“Shemeji Namkunda,” akauliza Mrindoko, ambaye ndama wake alikuwa amekufa kwa kiu, “boga lako hili linanyweshwa nini?”

“Maji ya kuoshea vyungu, shemeji.”

Wanawake wakacheka. “Vyungu gani tena, na unga umetuishia sote?”

Mrindoko akatangaza kwamba alimwona kwa macho yake akiiba maji. Adhabu ya mwizi wa maji ilikuwa kufukuzwa, na kufukuzwa katika kiu ile kulikuwa ni kifo. Namkunda akaweka kiganja, akaapa. Jabali likanyamaza. Hata hivyo watu wakanong'onezana kwamba huenda jiwe limezeeka.

Ndipo mjane akageuka. “Sasa zamu yako, shemeji. Weka mkono hapa, useme uliniona.”

Mrindoko hakuwa ameona kitu. Alishuku tu, na shaka yake ilikuwa imelelewa kifuani hata akaidhani ni ushahidi. Akaweka mkono, akaapa. Jabali likapasuka toka kileleni hadi chini ya kiganja chake, na chemchemi ikahamia upande wa mjane.

Namkunda hakuwanyima. Alimtekea kila mtu kwa mkono wake. Na kila aliyepokea, alinusa kwanza kabla ya kunywa, asije akawa ametiliwa kitu.

Na tangu siku hiyo, hapa Ikongwe mshitaki huapa kabla ya mshitakiwa, nasi hulizunguka jabali kuyafuata maji. Tena tupitapo penye ufa, kila mmoja huficha mikono kwapani, huku akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, aone ni nani aliyetangulia kuificha.